Figo ya Chiriku

Kiu ya mtu ambaye figo zake zimechoka si kiu ya jua. Ya jua ukiinywea maji inakwisha, unaendelea na shughuli zako. Hii nyingine unalala nayo, unaota nayo, na asubuhi unaikuta imekaa ukingoni mwa kitanda inakusubiri uamke. Fundi Bomba aliijua kwa undani. Kwa miaka thelathini aliwapelekea watu maji majumbani: alichimba mitaro, alikata mabomba, alibadilisha koki, alizibua masinki yaliyowashinda wenyewe. Sasa yeye mwenyewe alipimiwa maji kwa kichupa, nusu lita kwa siku nzima, chai ikiwa humohumo. Mungu naye ana utani wake.

Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye vyeti. Mtaani alikuwa Fundi Bomba, au Fundi tu, mtu mrefu mwenye vidole vinene na sikio kali. Aliweza kusimama katikati ya chumba, akafumba macho, akakwambia maji yanavuja wapi nyuma ya ukuta. Lakini hitilafu ya mwilini mwake hakuisikia, au tuseme ukweli, aliisikia akajifanya kiziwi. Miguu ilipovimba alisema ni viatu. Pumzi ilipomkata ngazini alisema ni uzee, na wakati huo alikuwa na miaka hamsini na mbili. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Yeye kifo kilimwonea huruma kidogo, kikamwangusha tu jikoni kwa mteja, spana mkononi. Walipompima wakakuta figo zote mbili zipo kazini lakini kazi hazifanyi.

Kwao mashine za kusafisha damu zilikuwa katika mji mmoja tu, na foleni yake ilikuwa ndefu kuliko maisha ya baadhi ya waliopanga. Binti yake, aliyekuwa na mimba ya kwanza na kwa hiyo hakuweza kutoa figo, akaona asikae bure. Akaziandikia hospitali tatu za nje ya nchi. Aliuliza bei kamili, iliyoandikwa, na nini kimo ndani yake: vipimo, kitanda, dawa za baadaye, mahali pa kulala msindikizaji. Mbili zilimjibu kwa picha za maua na wauguzi wanaotabasamu. Ya tatu, ya nchi jirani, ilimjibu kwa ukurasa mmoja usio na picha hata moja, kila huduma na bei yake, na chini kabisa maneno haya: "Njooni na mtoaji, lakini msije na ahadi." Binti hakuelewa maana yake, ila bei aliielewa.

Mtoaji mwenyewe alikuwa Chiriku.

Huyu alikuwa mdogo wake Fundi, wa pekee, msusi wa nywele, na jina hilo alilipata kwa haki. Alianza kusema asubuhi akifungua saluni, akanyamaza usiku akijifunika shuka. Mteja aliyekaa kwenye kiti chake aliondoka na nywele nzuri na habari za watu ishirini. Mama yao alifariki Chiriku akiwa na miaka minane na Fundi kumi na tisa, na tangu hapo ni kaka aliyempeleka shule, akamsuka vibaya, akamgombeza, akamsikiliza. Zaidi ya yote akamsikiliza. Basi habari ya figo ilipofika nyumbani, Chiriku hakungoja kuulizwa. Alisimama mbele ya shangazi, wajomba, majirani na mafundi wenzake kaka, akasema, "Mimi figo mbili za nini? Nina kitu gani cha kuchuja? Kila kinachoingia kichwani kinatokea mdomoni." Watu wakacheka, shangazi akalia, na neno likawa limeshatoka.

Nyumba waliyofikia ng'ambo ya mpaka ilikuwa nyuma ya hospitali, vyumba tisa kwenye ujia mmoja mrefu, kila chumba mgonjwa na mtu wake. Jikoni watu walichemsha viazi, wakamwaga maji, wakavichemsha tena, maana vina chumvi yake ambayo figo mbovu hazijui kuitoa na moyo unaiogopa. Mapazia yalikuwa ya kijani kilichopauka. Mchana jua lilipopita ndani yake chumba kizima kilikuwa kama kiko chini ya maji, na Fundi alilala akitazama dari, samaki aliyekatazwa kunywa.

Siku ya kwanza daktari, kijana mwenye sauti ya taratibu, aliwachorea mistari mitatu kwenye karatasi. Mstari wa kwanza ni mashine: mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara, maisha yote. Wa pili ni tumbo: wanakuwekea mrija mdogo kando ya kitovu, unaingiza maji ya dawa tumboni, yanakaa yanavuta uchafu, unayatoa, unaingiza mengine, mara nne kwa siku, nyumbani kwako, bila mashine. Wa tatu ni kupandikizwa figo ya ndugu.

"Wa tatu ndio mzuri kuliko yote, ukipatikana," alisema daktari. "Na nje ya geti kuna watu watakaowaambia upo wa nne, wa kununua kwa mtu maskini. Wakiwafuata, ingieni ndani."

"Sisi hatununui," Chiriku akadakia. "Figo tunayo, imekuja na miguu yake."

Daktari akacheka, akaandika jina lake kwenye fomu. Wiki nzima ile Chiriku alitolewa damu, akapigwa picha, akaulizwa maswali, na kila jioni alirudi chumbani akamsimulia kaka yake nani kamwambia nini. Wiki ya pili alisimulia kidogo. Ya tatu akawa analala mchana. Fundi alidhani ni uchovu wa kutolewa damu.

Yeye huku alikuwa na siku zake za mashine. Chumba kilikuwa na viti vinane vya kulala nusu, kila kiti na mashine yake, na madirisha marefu yanayotazama mti mmoja na ukuta. Kwanza unapimwa uzito, ili wajue umebeba maji kiasi gani ya kuondolewa. Kisha sindano mbili, damu inatoka kwa mrija mmoja na kurudi kwa mwingine. Fundi alipenda kuitazama ikizunguka. Yote haya aliyajua: pampu, kichujio, mrija wa kwenda, mrija wa kurudi. Kitu pekee kilichokuwa kigeni ni kwamba safari hii bomba lilikuwa yeye.

Kiti cha jirani alikaa mwalimu mstaafu, mwaka wa saba sasa kwenye mashine, asiye na ndugu wa kumpa figo. Alikuwa mtu wa maneno machache na yote alishayapanga.

"Usiichukie," alimwambia Fundi. "Ni ajira. Unafanya kazi siku tatu, unalipwa siku nne."

"Mimi sitakaa sana, Mwalimu. Dada yangu yuko kwenye vipimo."

"Mungu amjalie. Hapo kwenye vipimo kuna yule mratibu, Mama Miwani. Akisema vimekubali, vimekubali. Akisema vimekataa, hakuna anayemuuliza mara mbili." Akafumba macho, akalala.

Saa ya tatu kwenye mashine ni saa ya ndoto. Shinikizo la damu linashuka, sauti za wauguzi zinakwenda mbali, mti wa dirishani unaingia chumbani. Ijumaa moja Fundi alijiona yuko kwenye nyumba aliyoijua na asiyoijua, yenye vyumba vinavyofunguka kwenye vyumba. Bomba la jikoni lilikuwa kavu, na mwenye nyumba, ambaye hakuonekana, alikuwa na kiu. Fundi alifungua sanduku la vyombo, hamna koki. Akapita kwenye ukuta kama watu wanavyopita ndotoni, akaingia nyumba ya pili, akafungua koki yao taratibu, akaja nayo, akaifunga. Maji yakatoka. Yalikuwa baridi, hayana ladha ya chupa, na mwenye kiu kumbe alikuwa yeye. Akanywa. Akanywa mpaka kifua kikalowa, akasikia raha ambayo hajaisikia tangu augue. Ndipo kutoka upande wa pili wa ukuta akasikia mtu anagonga bomba, ko, ko, ko, na sauti ya mtoto wa miaka minane ikasema bila kulalamika, "Kaka, huku hayatoki."

Aliamka na nesi anainua miguu yake. "Umeshuka kidogo, Baba. Tulia."

Hakutulia. Katika ufundi wake kulikuwa na kosa moja ambalo hakulisamehe. Fundi wa chini yake akilewa alimsamehe, akichelewa alimsamehe. Lakini fundi aliyefungua koki nzima kwenye nyumba yenye maji kwenda kuifunga kwenye nyumba kavu, huyo alimfukuza siku hiyohiyo. Aliliita kuziba tundu kwa kutoboa tundu. Daktari alikuwa ameshamweleza kwamba mtu mzima huishi vizuri kwa figo moja, kwamba wanampima Chiriku kwa sababu hiyohiyo, kwamba wengi wametoa na wanacheza na wajukuu zao. Kichwa chake kilielewa yote hayo. Lakini mkono uliofungua koki ndotoni ulikuwa wake, na hakuweza kuusahau.

Alirudi chumbani akamkuta Chiriku amelala katika ule mwanga wa kijani, mkono wa kushoto umeshika ubavu wake. Alisimama mlangoni akamtazama. Akaona uso wa yule mtoto aliyemsuka vibaya. Alimpenda dada yake kuliko alivyopenda kuishi, na akashangaa kwamba kitu kikubwa namna hiyo hajawahi kukisema.

Jumatatu, baada ya mashine, badala ya kwenda chumbani alikwenda kwa Mama Miwani. Ofisi yake ilikuwa ndogo, dawati, viti viwili, boksi la karatasi laini za kufutia machozi. Miwani yenyewe ilining'inia kifuani kwa kamba, na alipotaka kumsikiliza mtu vizuri aliivaa, kana kwamba anasikia kwa macho.

"Nataka mseme dada yangu hafai," Fundi alisema kabla hajakaa vizuri.

Mama Miwani akavaa miwani. "Kwa nini yeye asifae?"

"Anafaa. Ndiyo sababu nasema mseme hafai."

"Fundi, mgonjwa hana ruhusa ya kumkatalia mtoaji. Ana ruhusa ya kukataa mwenyewe. Mwambie dada yako hutaki."

"Humjui. Nikimwambia sitaki, ataongea mpaka nitake. Na asipoweza kunishinda ataumia. Atasema nimemdharau." Akapangusa uso kwa kiganja. "Lakini vipimo vikikataa, hapo hakuna wa kulaumiwa. Ni kama bomba na kiungo. Havikuingiana, basi."

"Unajua unachokiacha? Daktari alikwambia njia ya tatu ndiyo bora."

"Najua."

"Nimekusikia. Sikuahidi kitu."

Alitoka akiwa mwepesi kama mtu aliyekwishalipa. Jumanne alishinda akiwaza. Jumatano ilikuwa ya mashine, na hakuota chochote.

Alhamisi wakaitwa wote wawili. Chiriku alivaa gauni lake la heshima, akakaa ukingoni mwa kiti, mikono katikati ya magoti. Mama Miwani alikuwa na faili mbele yake na hakulifungua.

"Timu imekaa," alisema. "Vipimo havikukubali. Chiriku hatakuwa mtoaji. Hakuna aliyekosea, na hakuna la kurekebisha."

Fundi aliinua macho, akakuta yale ya Mama Miwani yanamtazama juu ya miwani, kisha yakahamia kwa Chiriku, kisha yakarudi kwenye faili. Moyoni alimshukuru yule mama. Kisha akageuka akamwona dada yake. Chiriku alikuwa analia bila sauti, machozi yanadondokea mikononi, na yeye ambaye alijua kulia kwa maelezo na mifano, safari hii hakusema neno. Alisema moja tu, tena mlangoni. "Nisamehe, Kaka."

"Nikusamehe nini? Wewe ndiye uliyejipima?" Fundi akamshika bega. Na hapo ndipo kitu kilipomchoma, kwa sababu aliyetakiwa kuomba msamaha alikuwa yeye, na alikuwa amekaa kimya.

Siku mbili baadaye daktari alirudi na karatasi yake, akaweka kalamu kwenye mstari wa pili. Kwa mtu anayeishi mbali na mashine, alisema, tumbo ni njia ya kufikiriwa sana. Mafuko ya dawa yangepelekwa kwao kila mwezi na wakala wa ule mji wenye mashine, na gharama ingekuwa chini kuliko kupanga chumba ng'ambo milele. Hatari yake kubwa ni uchafu: mkono usionawa ukigusa mrija, vijidudu vinaingia tumboni, na hapo si mchezo. Kwa hiyo anatakiwa mtu wa pili nyumbani, makini, afundishwe pamoja na mgonjwa.

"Mimi," Chiriku alisema, kabla daktari hajamaliza.

Wiki mbili walifundishwa katika chumba chenye kitanda kimoja na sinki. Fuko jipya linatundikwa juu, fuko tupu linawekwa sakafuni, maji yanafuata mteremko. Hakuna pampu, hakuna umeme. Fundi alipoona alicheka kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ile. "Hii kazi yangu," alimwambia nesi. "Mtu amekaa masomoni miaka yote hiyo kuja kugundua kwamba maji yanashuka." Chiriku naye vidole vyake vya msusi vilijifunza upesi, kufungua kifuniko bila kugusa ncha, kuunganisha, kusubiri, kufunga. Nesi alimsifu. Chiriku aliitikia kwa kichwa.

Humo chumbani mwao sasa walikuwa wanaishi kwa adabu ya kutisha. Chiriku alimpigia pasi kaka yake mpaka vesti. Alimwachia kitanda cha dirishani, akamkatia kucha, akamuuliza kila baada ya dakika kumi kama anahitaji kitu. Fundi naye alimsifu chai yake, ambayo ilikuwa maji ya moto yaliyooneshwa majani, akamshukuru akimpa kijiko, akamwambia "tafadhali". Hawakuwahi kuambiana tafadhali maisha yao yote. Mama mwenye nyumba waliyofikia alivumilia wiki moja, kisha akamvuta Chiriku pembeni jikoni akamuuliza, "Mmegombana?" Hakuwa mjinga yule mama. Ndugu wanaopatana utawasikia wakizozana.

Walirudi kwao. Fundi aligeuza chumba kimoja cha nyumba yake kuwa chumba cha maji ya tumbo. Alipaka rangi nyeupe, akaziba upenyo chini ya dirisha, akaweka sinki na koki ndefu ya kufungulia kwa kiwiko, sinki bora kuliko yote aliyowahi kufunga. Mafuko yalifika kwenye maboksi, yakapangwa ukutani mpaka kifuani. Chiriku alihamishia saluni yake kwenye kibaraza cha kaka, na mara nne kwa siku alimwacha mteja na nywele nusu, akaingia, akanawa, akavaa barakoa, akamvalisha kaka yake nyingine, akatundika fuko.

Dawa ilifanya kazi. Miguu ya Fundi ilirudi kuingia kwenye viatu. Akaanza kwenda kazini asubuhi, kazi ndogondogo, na kiu yake ikapungua makali, akaruhusiwa hata kikombe cha ziada. Mtu angesema mambo yamekuwa mazuri, na watu walisema. Kwenye kibaraza shangazi na majirani walimsifu Chiriku mbele ya wateja: huyu alitaka kutoa figo, vipimo tu vilimnyima. Kila waliposema hivyo, Fundi alisikia kutoka chumbani mkasi ukinyamaza.

Kwa maana Chiriku alikuwa amenyamaza. Alitulia kama maji mtungini. Wateja walitoka na nywele nzuri na hawakuwa na habari ya mtu yeyote, wengine wakaanza kwenda kwingine. Akiwa na Fundi barakoa ikawa kisingizio chake; wamefundishwa wasiongee ovyo mrija ukiwa wazi, naye akaongeza wasiongee kabisa. Fundi alilala kwenye kile kitanda, maji ya uvuguvugu yakiingia tumboni taratibu, macho yakimlegea, na katika ule usingizi wa juujuu alisikia sauti ya dada yake ikisimulia ya zamani, nani kaolewa na nani kaachwa, akatabasamu, akaamka, akakuta ni maji tu yanashuka kwenye mrija. Alikuwa amedanganya ili asimpoteze, na sasa alimwona akipotea kila siku hatua mbili mbele yake, akiwa na mikono misafi kabisa. Mara nyingi alifungua mdomo amweleze. Akakumbuka yale machozi ya ofisini, akaufunga. Aliogopa kwamba akisema dada yake ataondoka, na hofu hiyo haikuwa ya nani atamtundikia mafuko.

Mwezi wa tano tangu ile Alhamisi binti yake alijifungua mtoto wa kike. Mchana wa siku ya tatu alimpigia simu baba yake, naye, maji ya zamani yakiwa yanamalizika kutoka, akaiweka simu kifuani ikasikika chumba kizima. Mtoto mzima, mama mzima, na jina wameshakubaliana. "Tunampa jina la Shangazi," ilisema simu. "Jina lake la kweli, siyo Chiriku. Kwa yale aliyotaka kukufanyia."

Chiriku alikuwa amesimama na fuko jipya mikononi. Simu ilipokatika alilitundika, akalitundua, akaliweka mezani.

"Mwambie asimpe mtoto jina langu."

"Kwa nini?"

"Mwambie tu."

"Nitamwambia nini mtoto wa watu? Jina limekosa nini?"

Chiriku akavuta barakoa chini ya kidevu, jambo ambalo kwenye chumba kile hakulifanya hata siku moja. "Vipimo vilikubali, Kaka. Vyote. Baada ya kile cha mwisho walinionesha karatasi ya kusaini, nikasoma, nikafika pale wanapoandika kwamba mtu anaweza kufa, wachache sana, wameandika wachache sana. Mkono ukakataa. Nikamwambia Mama Miwani naogopa, akasema hiyo ni haki yangu, na wewe utaambiwa vipimo havikukubali, basi. Nilijitangaza mbele ya watu wote, halafu nikakuacha." Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. "Nilikuacha kwenye njia ya pili, Kaka. Wakati ya tatu ilikuwa ndani yangu."

Fundi alikuwa chali, tumbo tupu, mrija umefungwa. Alitazama dari. Kwa miezi mitano alikuwa amembebesha Mama Miwani wema usiokuwa wake.

"Ulikwenda lini?" aliuliza.

"Lini wapi?"

"Kwa Mama Miwani."

"Jumanne. Kabla ya ile Alhamisi."

"Mimi nilikwenda Jumatatu."

Chiriku hakuelewa. Ikabidi Fundi amweleze: ofisi, kiti, maneno yote, kwamba aliomba waseme hafai, kwamba tangu siku ile alidhani uongo ni wake. Alieleza vibaya, akirudi nyuma na kuruka, kwa sababu kueleza haikuwa kazi yake, ilikuwa ya dada yake. Chiriku alisikiliza mdomo wazi.

"Kwa hiyo hukuitaka?" alisema mwishowe.

"Sikuitaka."

"Figo yangu? Ina nini?"

"Haina kitu. Mimi figo nilizaliwa nazo mbili zikaharibika. Dada nilizaliwa naye mmoja." Akamgeukia. "Nilifurahi, Chiriku. Waliposema hufai, nilifurahi. Na ulipoogopa, kama ningejua umeogopa, ningefurahi zaidi."

Chiriku alikaa kwenye boksi la mafuko. Kisha akajifuta machozi kwa viganja vyote viwili, mpaka kidevuni, akasimama.

"Miezi mitano," alisema. "Miezi mitano nimekupigia pasi vesti."

"Nisamehe."

"Kimya. Nimekonda. Wateja wamenikimbia. Yule mwenye duka la vitambaa amekwenda kusukwa kwa adui yangu, na yule hajui hata kugawa nywele, na wewe umelala hapo unaniambia tafadhali." Alivuta barakoa juu, akakumbuka amegusa uso, akaangalia mikono yake. Ikabidi akanawe upya, tangu mwanzo, viwiko na kucha, dakika tatu kamili. Alifungua koki kwa kiwiko na kelele ya maji ikaja, na juu ya kelele ya maji ikaja sauti yake, haina nukta wala koma: kwamba figo yenyewe sasa hampi hata akililia, kwamba tangu utotoni alikuwa mtu wa kuamulia wenzake, kwamba alimsuka vibaya mpaka mwalimu akauliza, na je mtoto amechukua pua ya nani, hakuuliza hata hilo, wanaume bwana, na kwamba jina wampe, wampe tu, ila Mama Miwani akikutana naye atamweleza. Alimaliza kunawa, akainua mikono, akafika nusu ya chumba, machozi yakamtoka tena, akayafuta kwa kiganja. Akatukana. Akarudi kwenye sinki kuanza upya.

Alianza upya mara tatu mchana ule. Kibarazani mteja aliyebaki na nywele nusu aliita akauliza kama bado sana. Fundi hakumharakisha dada yake. Alilala na tumbo lake tupu, amefumba macho, akamsikiliza.